Mintarafu ya Kupaa: Umbali wa Kuona, Mpando wa Ndege na Vizuizi vya Viwanja Vyetu

Ndege inayotoka Uwanja wa Karume, ulioko Wawi karibu na mji wa Chake Chake, ikikusudia Unguja, hushika njia ya kusini-magharibi, na baada ya kilomita ishirini na kitu hupita jirani na Kisiwa Panza, ambacho ni katika ardhi za mwisho za Pemba kabla ya bahari inayovitenga visiwa viwili. Watu wa Panza, ambao safari zao wenyewe huanza katika mashua ya kuvukia Chokocho, huiona ndege hiyo siku za anga safi, na siku za masika, wingu likiwa limeinamia mikoko, huusikia mlio wake tu. Swali ninalotaka kulichambua limo katika siku za aina ya pili: rubani aliyeingia winguni muda mfupi baada ya kuiacha ardhi, asiyeona tena minazi wala minara wala vilima, ana hujja gani ya kuamini kwamba njia iliyo mbele yake ni tupu, na hujja hiyo aliandikiwa na nani, kwa hesabu gani, na kwa masharti gani ambayo aghalabu msafiri hayajui?

Fikra za watu mintarafu ya hatari za anga zimeelemea kutua, na kwa kiasi fulani ni haki, maana ndege inayotua huikaribia ardhi kwa makusudi. Lakini ndege inayopaa ni nzito kwa mafuta ambayo haijayatumia, injini zake zinafanya kazi kwa nguvu karibu zote zilizo nazo, mwendo wake bado ni mdogo, na kimo chake juu ya ardhi hakimpi rubani nafasi ya kufikiri mara mbili. Fauka ya hayo, anayetua akiona mambo hayakai sawa aweza kupandisha tena na kuzunguka, ilhali anayepaa, akishapita kasi ya kuamua, yaani ile ambayo baada yake kusimama ndani ya njia hakuwezekani tena, hana hiari ila kuendelea.

Yapo mambo mawili ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya, na mchanganyiko huo ndio asili ya makosa mengi. La kwanza ni kiwango cha chini cha kuona, yaani umbali ambao rubani sharti auone mbele yake kabla ya kuruhusiwa kupaa. La pili ni namna ya kuvipita vizuizi baada ya magurudumu kuachana na lami. Kiwango cha kuona, katika hali yake ya kawaida, kimewekwa ili rubani aweze kuiweka ndege katikati ya njia, na aweze kusimama salama injini ikizimika kabla ya kasi ya kuamua. Hakisemi lolote kuhusu kilima kilichoko mbele. Marekani sheria huwataka wachukuzi wa biashara wenye ndege za injini moja au mbili waone maili moja, na wenye injini zaidi ya mbili nusu maili. Ulaya, njia isiyo na taa wala alama za kutosha, mchana tu, hudai mita 500. Kimo cha mawingu huongezwa juu ya umbali huo mahali ambapo kipo kizuizi ambacho rubani sharti akione kwa macho yake ili akikwepe. Kwa hiyo, rubani akisoma katika kitabu cha uwanja kwamba hapa wingu lisiwe chini ya futi kadhaa, ajue dhahiri kwamba kipo kitu kinachosimama njiani, na kwamba waliopima uwanja ule wamekiri kwa maandishi kuwa hesabu peke yake haikutosha kumvusha. Lipo jambo moja katika sheria ya Marekani ambalo mimi siliafiki: mwenye ndege binafsi, asiyechukua abiria kwa malipo, hakuwekewa kiwango chochote cha kupaa, akaachiwa akili yake mwenyewe, kana kwamba mlima huuliza ni nani aliyelipa nauli.

Sasa tuingie katika hesabu ya vizuizi, ambayo ndiyo moyo wa shauri hili. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililozaliwa na Mkataba wa Chicago wa 1944, limeagiza kwamba mwenye kuchora njia ya kuondokea aanze mwisho wa njia ya kurukia, apande mita 5 juu ya ardhi, na kutoka hapo avute mbele uwanda wa kufikirika unaopanda kwa asilimia 2.5, yaani mita 25 kwa kila kilomita moja. Kisichoutoboa uwanda huo hakihesabiwi kuwa kizuizi. Ndege nayo hutakiwa kupanda kwa asilimia 3.3 kwa uchache, na ile tofauti ya asilimia 0.8 ndiyo nafasi iliyoachwa baina ya tumbo la ndege na kila kilichoko chini yake. Nafasi hiyo huanza ikiwa si kitu, kisha hukua kadiri ndege inavyokwenda. Chukua mnazi wa mita 25, ambao Pemba si ajabu, ukausimamisha mita 800 kutoka mwisho wa njia: kilele cha kuti lake kitaugusa uwanda ule bila ya kuutoboa, nao utakuwa halali, na ndege inayopanda kwa kiwango cha chini itakuwa na kimo cha mita 31.4 pale juu yake; na umbali uliobaki kati ya mti na chombo chenye roho za watu ni mita 6.4, ambazo ni fupi kuliko urefu wa ndege yenyewe. Hizo ndizo mita ambazo sheria imeziita salama, na ni salama kweli, maadamu kila sharti lililotangulia limetimizwa.

Masharti hayo ni mengi kuliko yanavyoonekana. Inafaradhishwa kwamba ndege imeuvuka mwisho wa njia ikiwa na kimo cha mita 5, wala haikuburuza magurudumu mpaka majani ya mwisho. Kwamba haikugeuka kabla ya kufika mita 120 juu ya uwanja, kimo ambacho kwa mpando wa asilimia 3.3 hufikiwa kilomita tatu na nusu hivi baada ya njia kwisha. Kwamba rubani ameshika mwelekeo aliopewa na upepo haukumsukuma pembeni. Na kwamba mnazi uliopimwa kuwa na mita 25 mwaka ule wa kupimwa haukuongeza kitu tangu hapo. Hili la mwisho ndilo linalonitia hofu zaidi katika viwanja vya visiwani kwetu, kwa kuwa mlima haukui, na jengo hukua mbele ya macho ya watu, lakini mti huongezeka polepole na kwa ukimya, na hakuna aandikiaye barua mamlaka kwamba mnazi wake umeongeza mita.

Lipo na jambo jingine linaloihusu minazi hasa. Kizuizi kilicho karibu sana na mwisho wa njia, ambacho kingelazimisha mpando mkali kwa kimo kisichozidi mita 60, hakiingizwi katika mpando unaochapishwa. Hutajwa tu katika maelezo, kwamba mbele kuna miti, au nguzo, au paa la nyumba, mahali fulani, kimo fulani. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa na sababu, kwani mpando mkali wa mita mia chache za mwanzo ungewafunga marubani pasipo haja. Walakini, maana yake ni kwamba jukumu la kuukwepa mti wa karibu limeondolewa katika hesabu na kuwekwa katika macho ya rubani na katika shoka la wenye uwanja. Na rubani anayepaa mvuani, kioo kikitiririka maji, anapewa kazi ya kuuona mti ambao kitabu kimemwambia upo.

Mpando unaoandikwa kwa asilimia haumfai rubani mpaka ugeuzwe kuwa futi kwa dakika, maana hicho ndicho saa yake ya kupandia inachomwonyesha. Asilimia 3.3 ni futi 200 kwa kila maili ya baharini. Ndege iendayo maili 120 za baharini kwa saa humaliza maili mbili kila dakika, basi sharti ipande futi 400 kwa dakika. Upepo wa maili 20 ukiisukuma kutoka nyuma, ardhi hupita chini yake kwa maili 140 kwa saa, na haja hupanda hadi karibu futi 470. Upepo huohuo ukiikabili, haja hushuka hadi futi 330 na kitu. Upepo wa kusi au wa kaskazi, ambao mvuvi wa Panza huutazama kwa ajili ya tanga, ndio huohuo unaoamua kama ndege iliyotimiza futi 400 kwa dakika imetimiza wajibu au imepungukiwa. Rubani anayetazama saa ya kupandia pasipo kuuingiza upepo katika hesabu yake ameshika nusu ya amana.

Hata hivyo, sharti kubwa kuliko yote limefichwa pale ambapo msafiri hawezi kulidhania: njia ya kuondokea iliyochorwa na kuchapishwa hufaradhisha kwamba injini zote zinafanya kazi. Ndege kubwa ya injini mbili, ili ipewe cheti cha kuchukua abiria, hutakiwa ionyeshe kwamba injini moja ikizimika wakati wa kupaa, nyingine itaiwezesha kupanda kwa asilimia 2.4 baada ya magurudumu kukunjwa. Na katika kukadiria vizuizi hupunguzwa asilimia 0.8 kwa ajili ya hadhari, ikabaki 1.6. Msomaji na alinganishe: ramani yadai 3.3, cheti chaahidi 2.4, na hesabu ya hadhari yakubali 1.6 tu. Ndege inaweza kuwa halali kabisa kwa karatasi zake, na rubani akawa ameifuata ramani kwa uaminifu, kisha injini moja ikizimika hawezi kuifuata ramani ileile kwa salama. Ndiyo maana mashirika yaliyo makini huandika njia yao ya pili kwa kila uwanja, njia ya injini moja, ambayo aghalabu hugeukia bahari au bonde, nayo hukadiriwa ivuke kila kizuizi kwa futi 35. Kazi hiyo ni ya shirika, si ya mamlaka iliyochora ramani, na shirika lisiloifanya halitajulikana mpaka siku ya msiba.

Baina ya Unguja na Pemba, ndege nyingi ni za Cessna Caravan, zenye injini moja, na kwa hizo hesabu ya injini moja kuzimika haina mpando wa kupunguza. Ina kushuka tu, na mahali pa kushukia. Rubani wa Caravan anayepaa Wawi siku ya jua amekwisha kuchagua, kabla hajasogeza mkono, ni wapi ataiweka ndege injini ikikatika. Siku ambayo wingu liko chini, uchaguzi huo umefichwa, naye atatoka winguni akiwa na sekunde chache za kutafuta uwanda baina ya mikarafuu. Kwa sababu hiyo naona kwamba kiwango cha kuona kilichotungwa kwa ajili ya kuishika njia tu hakimtoshi mwenye injini moja, na shirika lenye insafu lina wajibu wa kujiwekea kiwango cha juu kuliko cha sheria.

Kuna na kurudi. Umbali unaoruhusu kupaa huweza kuwa mfupi sana kuliko unaoruhusu kutua, na hivyo ndege ikatoka katika uwanja ambao haiwezi kuurudia. Nahodha wa Panza hang'oi nanga kwa kuwa ameona maji ya kutokea tu. Hutazama pia kama maji yatamruhusu kurudi, na kama hayatamruhusu, atajikinga wapi. Sheria ya kimataifa imeliandika jambo hilohilo: ndege ya injini mbili inayopaa mahali ambapo hali ya hewa haikubali kutua, sharti iwe na uwanja wa badala ambao, kwa injini moja iliyobaki, haupiti mwendo wa saa moja. Kwa atokaye Pemba, uwanja huo ni Unguja au Tanga, na vyote viwili aghalabu hufunikwa na mvua ileile ya masika iliyoifunika Wawi.

Waweza kusema kwamba vilima vya Pemba havifiki hata mita 150, na kwamba habari za milima ziachiwe wenye milima. Siafiki. Ardhi tambarare huzaa uzembe wa namna yake, na historia ya Afrika Mashariki imejaa ushahidi kwamba hatari ya kupaa haina sura moja. Ni kweli kwamba mlima umetudhulumu: mnamo tarehe 18 Mei 1955 ndege ya Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iliupiga Mlima Kilimanjaro, wakafa watu wote 20. Ni kweli pia kwamba vilima vidogo vya pwani si vya kupuuzwa, maana mnamo tarehe 28 Oktoba 2025 Caravan iliyopaa asubuhi kutoka Diani ilianguka muda mfupi baadaye katika vilima vya misitu vya Kwale, na watu wote 11 waliokuwamo wakafariki. Lakini ajali ya Shirika la Ndege la Kenya, tarehe 5 Mei 2007, haikuwa na mlima wala kilima. Boeing 737-800 ilipaa Douala, Kameruni, baada ya saa sita ya usiku, katika giza na tufani. Hapakuwa na nuru ya nje ya kumwonyesha rubani ipi ni juu na ipi ni chini. Ndege ikaanza kulalia kulia polepole, pasipo mtu kuzisoma ala wala mtambo wa kujiendesha kushikishwa, mpaka ikashuka katika tope la mikoko kilomita chache kutoka uwanjani, na roho 114 zikapotea. Mpando wote na ramani zote hazina faida ikiwa macho ya rubani hayakuhamia katika ala mara tu ardhi inapopotea, na bahari nyeusi ya usiku mbele ya Pemba haina taa zaidi ya zile za Douala.

Kwa upande wa nani mwenye dhamana ya vizuizi, sijui mfano ulio bayana kuliko wa Mlima Otay, karibu na San Diego huko Marekani. Tarehe 16 Machi 1991, usiku, ndege iliyowachukua wanamuziki wa mwimbaji Reba McEntire ilipaa kutoka uwanja mdogo wa Brown Field kwa kutegemea macho, ikinuia kupata ruhusa ya kusafiri kwa ala ikiwa tayari hewani, ikaugonga mlima huo, na watu 10 wakafa. Tarehe 24 Oktoba 2004, usiku vilevile, ndege nyingine ilitoka uwanja uleule, kwa nia ileile, ikaugonga mlima uleule, wakafa watu 5. Mlima ulikuwa katika ramani mara zote mbili. Kilichokosekana ni yule wa kusema, katika zile dakika kati ya kupaa na kuipokea ruhusa, kwamba sasa kuvikwepa vizuizi ni kazi yako wewe uliyeshika usukani, na si ya sauti unayoisikia redioni. Rubani anayetoka kwa macho katika hali inayodai ala, kwa kuwa abiria wana haraka au ruhusa imechelewa, ameikataa kinga iliyochorwa kwa ajili yake.

Na mji wa Goma umetuonyesha kwamba kizuizi chaweza kuwa binadamu. Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo ilimwaga moto juu ya mji, ukafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, na njia ikafupika. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia, ikaingia katika mtaa wa Birere, na wengi waliokufa hawakuwa abiria bali watu waliokuwa katika biashara zao. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo ya Dornier, muda mfupi baada ya kupaa hapohapo, ilianguka katika mtaa wa Mapendo, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Mji uliachwa usogee mpaka kwenye ukingo wa uwanja, nyumba moja baada ya nyingine, na hakuna nyumba hata moja miongoni mwa hizo iliyoonekana siku ya kujengwa kwake kuwa ni hatari.

Hapo ndipo shauri linaporudi kwetu. Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago kinataka kila uwanja uwe na uwanda wa kupaa usiotobolewa, unaoanza mita 60 baada ya njia (30 kwa viwanja vidogo kabisa), wenye mpando wa asilimia 2 kwa viwanja vikubwa, na asilimia 4 hadi 5 kwa vidogo. Kwa uwanja wa asilimia 2, mnazi wetu wa mita 25 sharti usogee angalau kilomita moja na robo kutoka mwanzo wa uwanda huo. Kwa wa asilimia 4, mita 625. Usafiri wa anga ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ndiyo yenye kusimamia usalama wake; viwanja vya Unguja na Pemba viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar; lakini mti ni wa mwenye shamba, mnara ni wa kampuni ya simu, na kiwanja cha nyumba kimepitia mikononi mwa watu ambao huenda hawajapata kuusikia uwanda huo ukitajwa. Kwa wenye milki hao watatu, uwanda usioonekana si hoja. Mkarafuu ni mali, mnazi ni mali, na kumwambia mtu aukate mti aliourithi kwa ajili ya mstari wa hewani pasipo kumlipa ni dhuluma, na dhuluma hiyo humfanya auache mti usimame.

Kwa hiyo naomba mambo yasiyo makubwa. Vizuizi vya kila uwanja wa visiwani vipimwe upya kwa miaka maalumu, miti ikihesabiwa kwa kimo itakachokuwa nacho kabla ya kipimo kijacho, si kwa kimo cha leo. Mashirika yaandike njia zao za injini moja kuzimika, na yenye ndege za injini moja yajiwekee kimo cha mawingu cha kupaa, hata pale ambapo sheria haikudai. Msafiri anayekimbilia hospitali au harusi, akiambiwa kwamba ndege itangoja wingu lipande, asimlaumu rubani mbele ya watu, kwa kuwa lawama za abiria zimewahi kuwatoa marubani uwanjani siku ambayo haikuwa ya kutoka. Na serikali, kabla msumeno haujafika shambani, imlipe mwenye mnazi fidia yake kamili na kwa wakati, kisha sheha wa shehia iliyoko mbele ya njia ya kurukia apewe ramani ya uwanda ule kwa Kiswahili, ili mwenye kutaka kusimamisha nguzo ajue ni wapi pa kuuliza.